Walituuzia bima isiyoweza kutulipa

Kila nikikaa na wenzangu wa hapa Northampton, hasa sisi tuliokuja Uingereza miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, habari ya PPI, ile bima ya kulinda marejesho ya mkopo, haikosi kuzuka. Kuna aliyerudishiwa elfu tano, kuna aliyerudishiwa mia mbili, kuna aliyemkabidhi dalali wa madai theluthi nzima ya haki yake, na kuna ambao mpaka leo hawajui kama walikuwa nayo. Watoto wetu waliozaliwa huku wanaikumbuka kama zile simu za usumbufu tu. Nimejaza madai hayo kwa ajili yangu na kwa ajili ya watu wengi waliokaa mezani kwangu, na jambo lenyewe bado linaniuma, kwa hiyo naliandika lote.

PPI ilikuwa bima iliyopachikwa juu ya deni. Mkopo wa kawaida wa benki, kadi ya mkopo, kadi ya duka la nguo, mkopo wa gari, mkopo wa nyumba, kote uliikuta. Ahadi yake ni kwamba ukiugua, ukipata ajali au ukipunguzwa kazini, bima itakulipia rejesho la kila mwezi, mara nyingi kwa muda usiozidi miezi 12. Wazo lenyewe ni zuri na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni juu ya nani aliuziwa, aliuziwaje, na kwa bei gani.

Mwaka 2003 nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha sandwichi kupitia ejensi. Waliowahi kufanya kazi za ejensi wanajua: simu inalia jioni, unaambiwa kesho ingia saa kumi na mbili asubuhi, au unaambiwa kesho hakuna. Nilikwenda benki kuomba pauni 6,000 za kupaua nyumba ya mama Tanga. Kijana aliyenihudumia alikuwa mpole sana. Akageuza kompyuta upande wangu nione rejesho la kila mwezi, akasema mkopo huu una ulinzi kamili. Nikamwuliza waziwazi: kazi yangu ni ya ejensi, wakininyima zamu, hii bima italipa? Akajibu ndiyo, hiyo ndiyo kazi yake. Nikauliza, na nikiikataa? Akasema anaweza kuiondoa, ila ombi litarudi kwa wakubwa likaangaliwe upya na hawezi kuniahidi jibu. Fundi Tanga alikuwa ameshachukua vipimo vya mbao.

Karatasi ya mkataba ule ninayo. Ukurasa wa kwanza una mistari inayofuatana: kiasi cha mkopo, 6,000.00. Bima, 1,320.00. Jumla, 7,320.00. Chini yake, marejesho 60 ya pauni 162.83. Alama ya vema kwenye kisanduku cha bima haikupigwa kwa kalamu yangu wala ya yule kijana. Imechapwa na mashine, wino uleule uliochapa jina langu. Sehemu za kusaini ni mbili, moja ya mkopo na moja ya bima, na pembeni ya kila moja pamewekwa msalaba mdogo wa penseli ili mteja asipotee. Rangi ya penseli imefifia lakini bado inaonekana.

Tazameni hizo 1,320. Bima nyingine unailipia mwezi kwa mwezi, ukichoka unaacha. Hii ililipwa yote siku ya kwanza, na kwa kuwa huna pesa hiyo, benki inakukopesha na kuitoza riba kama deni lenyewe. Kwenye mkopo wangu bima peke yake ilikula pauni 29.36 kila mwezi, kwa miaka mitano, jumla pauni 1,761.60. Ukilipa deni mapema, ulichorudishiwa kwenye bima kilikuwa kidogo mno. Ukiongeza mkopo katikati ya safari, jambo ambalo wengi wetu tulifanya kila msiba au harusi ilipotokea nyumbani, mkopo mpya unalipa wa zamani pamoja na bima yake iliyobaki, halafu bima mpya inapachikwa juu. Nimeona karatasi za mama mmoja aliyeongeza mkopo mara kwa mara namna hiyo. Alikuwa akilipa riba juu ya bima ya mkopo uliokwisha kufungwa miaka miwili nyuma.

Mwaka 2006 kiwanda kilipoteza mteja mkubwa, ejensi ikanyamaza. Nikapiga simu kampuni ya bima. Wakatuma fomu, nikaijaza, mwajiri akagonga muhuri. Jibu likaja kwa barua ya aya mbili: mkopaji hakuwa na ajira ya kudumu siku aliyochukua bima, kwa hiyo sehemu ya kukosa kazi haimhusu. Yaani haikunihusu tangu siku ya kwanza. Lile swali nililomwuliza yule kijana, jibu lake lilikuwa limeshaandikwa kwenye kijitabu cha masharti kilichokuja kwa posta baada ya kusaini.

Hapo ndipo uovu wa biashara ile ulipo. Masharti yalikuwa yanafanana benki hadi benki. Aliyefanya kazi chini ya saa 16 kwa wiki, hapati. Wa ejensi na wa mkataba wa muda, mara nyingi hapati. Aliyejiajiri, mathalani dereva wa teksi, hapati mpaka biashara yake iwe imekufa kabisa, si kwamba wateja wamepungua. Ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kusaini hauhesabiwi. Maumivu ya mgongo na msongo wa mawazo, magonjwa mawili yanayowatoa watu kazini kuliko mengi, yaliwekewa vikwazo au yaliondolewa kabisa. Sasa wafikirieni Waswahili tuliokuwa hapa miaka ile: wapangaji wa mizigo kwenye maghala, wahudumu wa nyumba za wazee, madereva, wafagiaji wa maofisi usiku. Tulikuwa sisi hasa, kwa majina ya kazi zetu, tulioandikwa kwenye orodha ya wasiolipwa. Na tuliuziwa.

Kuna upande wa pili pia. Dada zangu wauguzi wa NHS, huduma ya afya ya serikali, waliuziwa ilhali wana ulinzi mzuri kuliko bima yenyewe: mwenye miaka mitano kazini analipwa mshahara kamili miezi sita akiugua na nusu mshahara miezi sita mingine. Hakuna aliyewauliza hilo.

Shirika la Citizens Advice ndilo lililopeleka malalamiko rasmi serikalini mwezi Septemba 2005, baada ya kuona watu wenye madeni wakija ofisini mwao na bima zisizolipa. Kesi ikaenda kwa tume ya ushindani, faini ndogondogo zikatozwa, na bima ile ya kulipwa kwa mkupuo ikaondolewa kwenye mikopo ya kawaida mwaka 2009. Mwaka 2010 mamlaka ya fedha ya wakati huo, FSA, ikatunga kanuni za kuzilazimisha benki zishughulikie malalamiko kwa haki, hata ya mauzo ya zamani. Chama cha mabenki kikaenda mahakamani kupinga. Tarehe 20 Aprili 2011 kikashindwa. Mwanzoni mwa Mei, Lloyds ikajitoa kwenye mapambano na kutenga pauni bilioni 3.2 za kuwalipa wateja, na siku chache baadaye chama kikatangaza hakitakata rufaa. Mpaka shughuli ilipokwisha, benki na wakopeshaji walikuwa wamelipa zaidi ya pauni bilioni 38. Nasisitiza tarakimu hiyo kwa sababu kuna watu wetu waliona aibu kudai, wakidhani wanaomba msaada. Ilikuwa pesa yao iliyokuwa ikirudi.

Kudai kwenyewe kulikuwa hivi. Unaiandikia benki. Benki ina wiki nane za kujibu. Ikikataa, au ikikaa kimya, unapeleka kwa Ombudsmani wa huduma za fedha, mwamuzi huru wa malalamiko, na ukishapata barua ya mwisho ya benki una miezi sita tu ya kufanya hivyo. Ombudsmani hatozi mdai hata senti. Hakuhitaji wakili. Alikuwa na dodoso lake la kurasa kadhaa, na kila swali mle lilikuwa la maisha yako mwenyewe: siku uliyochukua mkopo ulikuwa unafanya kazi gani? Saa ngapi kwa wiki? Ungeugua, mwajiri angekulipa kwa muda gani? Ulikuwa na maradhi yoyote? Ulikutana na muuzaji ana kwa ana, kwa simu au kwa posta? Alikwambia nini?

Watu walikuja mezani kwangu na dodoso hilo wakiogopa Kiingereza. Nilichowaambia ni wanieleze kwa Kiswahili kwanza, nami niandike. Mzee mmoja dereva wa teksi alinieleza kwamba muuzaji alimwambia, bila bima mkopo wa nyumba hautapita, na kwamba alikuwa na mke mjamzito nyumba ya kupanga yenye ukungu ukutani, asingeweza kubishana. Nikaandika hivyohivyo, na ukungu nikauweka. Dalali angeandika "mteja alishinikizwa," sentensi ile ile aliyoiandika kwa watu elfu kumi. Maneno ya mzee yalikuwa na mtu ndani yake, na aliyesoma kule alimwona. Alirudishiwa ada zote za bima ya ile nyumba, za kila mwezi, za miaka saba.

Wasiokuwa na karatasi walikata tamaa mapema, na haikuwa lazima. Ulikuwa unaweza kuitaka benki ikupe kila kumbukumbu inayokuhusu. Zamani kwa ada ya pauni 10, na tangu Mei 2018 ni bure. Ugumu ni kwamba bima hiyo haikuitwa PPI kwenye taarifa za benki. Iliandikwa ulinzi wa mkopo, ulinzi wa malipo, au herufi tatu tu, ASU, yaani ajali, ugonjwa na kukosa kazi kwa Kiingereza. Tulikuwa tunapitisha kidole mstari kwa mstari.

Malipo nayo yalikuwa na hesabu yake. Unarudishiwa kila senti ya bima uliyolipa pamoja na riba iliyotozwa juu yake, halafu unaongezewa asilimia 8 kwa mwaka, riba ya kawaida isiyojizaa, tangu siku uliyolipa kila rejesho mpaka siku ya kulipwa. Benki yangu ilinikataa kwanza, nikaenda kwa Ombudsmani, na mwaka 2012 nikapata zile 1,761.60, na juu yake karibu pauni 990 za fidia ya muda, ambazo zilikatwa kodi ya asilimia 20. Baada ya kodi nilipokea pauni 2,550 na kitu.

Juu ya ile asilimia 8 kulikuwa na mjadala mkubwa kwa sisi Waislamu. Je, hii si riba? Nilisikia wazee wakibishana baada ya Ijumaa, mmoja akisema ni fidia ya kunyimwa mali yako, mwingine akisema jina halibadilishi kitu. Mimi si mwanachuoni. Kila aliyeniuliza nilimpeleka kwa sheikh, na nikamwonyesha kwenye barua mstari unaotenganisha kiasi cha bima na kiasi cha asilimia 8, ili ajue ni pesa ipi anayoiuliza. Wapo waliochukua yote, wapo waliotoa ile sehemu sadaka ya kisima. Nawaheshimu wote.

Ile kodi ilikuwa na mlango wa kurudi. Mwenye kipato kidogo, au baada ya Aprili 2016 mtu yeyote wa kodi ya kawaida ambaye faida zake za aina hiyo kwa mwaka hazikuzidi pauni 1,000, aliweza kuidai tena kwa fomu iitwayo R40, bure. Na hapo pia madalali walitangulia. Nimeona kampuni zikichukua karibu nusu ya marejesho hayo kwa kujaza fomu moja.

Niwazungumzie hao madalali kwa kituo. Walikuwa wanapiga simu chakula cha jioni, wanatuma ujumbe usiku, wanagawa vipeperushi nje ya duka la nyama halali. Ada yao ilifika asilimia 30 na zaidi, na VAT juu, mpaka Julai 2018 sheria ilipowawekea ukomo wa asilimia 20 kabla ya VAT kwa madai ya PPI. Walichofanya ni kuchukua jina lako, kukutumia dodoso lile lile la bure ulijaze mwenyewe, na kulipeleka posta.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni hiki. Kama ulikuwa na deni lililochelewa kwenye benki hiyohiyo, benki iliruhusiwa kuipeleka fidia moja kwa moja kwenye deni hilo. Ndugu mmoja, kijana wa Dodoma aliyekuwa akifanya kazi ghalani, alishinda pauni 1,900 na zote zikaingia kwenye deni lake la mkopo. Hakushika hata pauni moja. Dalali akaleta bili: asilimia 30 ni 570, VAT ni 114, jumla 684, lipa ndani ya siku 14. Akaenda kukopa pesa ya kumlipa aliyemsaidia kudai pesa ya mkopo. Nilikaa naye tukaomba walau awekewe mafungu, wakakubali kwa shida. Mkataba aliusaini kwa kidole kwenye simu, mapumziko ya chai.

Na nyuma ya madalali walikuja matapeli kabisa: fidia yako iko tayari, nunua vocha utume namba kama ada ya kuifungulia. Aliyekuwa mgonjwa au mpweke ndiye aliyenaswa.

Kuna barua nyingine za benki zilizohitaji jicho. Benki iliweza kusema: tunakubali hukueleweshwa, lakini tunaamini ungenunua bima ya bei nafuu ya mwezi kwa mwezi, kwa hiyo tunakurudishia tofauti tu. Hesabu waliyotumia ni pauni 9 kwa kila pauni 100 za rejesho lililolindwa. Mtu anaona hundi ya mia nne, anafurahi, anaweka benki. Kumbe alistahili mara mbili au tatu ya hiyo, hasa kama masharti yenyewe yalimtoa nje. Mtu asiyeweza kulipwa na bima ya ghali asingelipwa na ya rahisi pia! Hilo niliwaandikia mara nyingi, kwa maneno hayohayo.

Sina budi kumtaja mwanamke mmoja ambaye kesi yake imo kwenye kumbukumbu za umma, Bi Susan Plevin, mwalimu wa chuo, mjane. Mwaka 2006 alikopa pauni 34,000 kwa Paragon, dhamana ni nyumba yake, na bima ya pauni 5,780 ikapachikwa. Katika hizo, dalali aliyemtafutia mkopo alichukua 1,870, Paragon ikabaki na 2,280, na iliyofika kwa kampuni ya bima yenyewe ni 1,630. Asilimia 71.8 ilikuwa kamisheni, na hakuambiwa. Tarehe 12 Novemba 2014 Mahakama ya Juu ikasema uhusiano wa namna hiyo kati ya mkopeshaji na mkopaji si wa haki. Sikuweza kulala nilipoisoma hukumu ile. Miaka yote tulikuwa tunabishana kama bima ilitufaa au haikutufaa, kumbe hata aliyefaa kuwa nayo alikuwa ameuziwa kitu cha elfu moja na mia sita kwa elfu tano na mia nane.

Baada ya hapo mamlaka mpya, FCA, ikatoa kanuni: kamisheni ikizidi nusu ya bima bila mteja kujua, kile kilichozidi nusu kirudishwe. Waliokataliwa mwanzo wakapata njia ya pili. Ikawekwa pia tarehe ya mwisho, 29 Agosti 2019, na matangazo ya televisheni yenye kichwa cha bandia cha Arnold Schwarzenegger kikipiga kelele watu waamue. Mwezi ule mezani kwangu hapakuwa na nafasi ya kuweka kikombe.

Mjane mmoja aliyekuwa amerudi Pangani baada ya mumewe kufariki alinipigia akidhani kwa kuwa hayuko Uingereza, hana haki. Haki ilifuata mkataba, si mahali unapolala. Msimamizi wa mirathi aliruhusiwa kudai kwa niaba ya marehemu. Tulidai, ikakubaliwa, na ugumu wote ukaja mwishoni: benki ilituma hundi ya pauni kwa jina la mirathi ya marehemu, na Tanga hakuna benki iliyotaka kuigusa. Tukairudisha, tukaomba malipo kwa akaunti ya mtoto wao aliyeko Coventry kwa barua ya idhini yenye nakala ya hati ya mirathi. Kama una mzee aliyerudi nyumbani na bado anadai chochote huku, kwa jambo lolote, anzeni na akaunti itakayopokea.

Wanaoniuliza leo kama PPI bado inadaiwa: kwa benki na Ombudsmani, mlango ule wa kawaida umefungwa, isipokuwa kwa sababu za kipekee kabisa. Mahakamani bado kuna mwanya kwa kamisheni iliyofichwa. Tarehe 15 Novemba 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Bi Potter, aliyekopa 2006, akamaliza kulipa 2010, akafungua kesi 2018. Zaidi ya asilimia 95 ya bima yake ilikuwa kamisheni. Mkopeshaji alisema muda umepita. Mahakama ikasema alifichwa, na saa haianzi kuhesabu kwa mtu aliyefichwa mpaka ajue au awe angeweza kujua. Ila mahakama si dodoso la bure. Kabla ya kumkubali wakili yeyote muulize kwa maandishi: tukishindwa, gharama za upande wa pili analipa nani? Tukishinda, wewe unachukua kiasi gani, na VAT imo?

Naandika haya sasa kwa sababu ya magari. FCA ilipiga marufuku tangu 28 Januari 2021 ule utaratibu wa muuza magari anayekutafutia mkopo kupandisha riba yako ili kamisheni yake ikue. Tarehe 1 Agosti 2025 Mahakama ya Juu iliamua kesi za wanunuzi watatu wa magari. Wawili walishindwa na mmoja, mnunuzi wa Suzuki, akashinda, kwa sababu kamisheni iliyofichwa ilikuwa asilimia 55 ya gharama yote ya mkopo wake. Baada ya hukumu hiyo FCA ikaja na mpango wa fidia kwa mikataba ya kuanzia 6 Aprili 2007 mpaka 1 Novemba 2024, na imesema wazi kwamba kudai ni bure na dalali hahitajiki. Lakini kwenye kundi letu la WhatsApp kiungo cha dalali kimeshatumwa na kutumwa tena, kinataka tarehe ya kuzaliwa na saini ya kidole, na asilimia 30 imeandikwa chini kabisa kwa herufi ndogo.

Wenye mikataba ya gari, itafuteni kwanza: jina la mkopeshaji (si la muuza gari), namba ya mkataba, tarehe. Mwandikie mkopeshaji barua pepe ya mistari mitatu, umwulize kama kulikuwa na kamisheni, ya kiasi gani, na kama muuzaji alikuwa na uwezo wa kupandisha riba. Malizia kwa kusema kwamba hayo ni malalamiko rasmi. Kiswahili chake nileteeni mimi, Jumamosi baada ya adhuhuri nipo nyumbani. Aliyekwisha kusaini kwa dalali wiki hii aniambie mapema, kwa sababu mikataba hiyo ina siku 14 za kujitoa bila kulipa, na barua ya kujitoa tunaiandika siku hiyohiyo.